Nani Hasa Aliyemuua Kapteni Alex?

Liko swali moja linaloweza kuzusha mabishano katika nyumba ya askari hata chakula kikapoa. Limetoka hapa hapa Kampala, mtaa wa Wakaliga, ambako Bwana Isaac Nabwana, aliyewahi kuwa mfyatua matofali, alitengeneza mwaka 2010 filamu iitwayo “Who Killed Captain Alex?”

Alex ni mkuu wa makomando waliotumwa kuliangamiza genge la Tiger Mafia. Katika mapigano ndugu yake Richard, kiongozi wa genge, anatekwa. Richard anaapa kulipiza kisasi na kuwatuma watu wake wamkamate Kapteni. Alex anauawa, na hadi mwisho wa filamu muuaji hatajwi.

Basi watazamaji wamegeuka wapelelezi. Ni rahisi kumlaumu Richard, lakini hoja hiyo ina kasoro: mwenye ndugu kifungoni angefaidika na Alex aliye hai, ambaye angeweza kubadilishana naye. Je, mkono ulitoka kambini? Dhana hiyo huwaudhi askari, nao wana haki, kwani kambini mtu hulala kwa kumwamini mwenziwe aliye zamu. Hata hivyo haipuuziki. Ni nani awezaye kumkaribia mkuu kuliko yule ampigiaye saluti kila asubuhi?

Anayemshuku hata Bruce U, nduguye Alex, mtawa wa Shaolin ajaye kulipiza kisasi, nadhani amevuka mpaka. Katika visa vyote vya filamu hiyo, pamoja na helikopta zake za kompyuta, safari ya Bruce U ndiyo niiaminiyo zaidi. Familia za askari zajua uzito wa kuletewa habari ya kifo isiyo na maelezo.

Ushahidi wenyewe umepungua. Katika vibanda vyetu vya video, VJ huifasiri filamu na kuitia chumvi inapoonyeshwa. Filamu hii ilipowekwa kwenye intaneti mwaka 2015 ilikuwa na sauti ya VJ Emmie, ambaye vishindo na mizaha yake huyafunika maneno ya wahusika. Nakala isiyo na sauti hiyo haipatikani: mtengenezaji aliifuta katika kompyuta ili apate nafasi ya kazi nyingine. Kwa hiyo mtu akidai kwamba msaliti alijifichua kwa neno moja lililomezwa na kelele za VJ, hawezi kuthibitisha, wala sisi hatuwezi kumkanusha.