Vyumba vya kupanga Kilifi na Malindi: ushuru umeshuka, faida ina maswali

Anayetafuta chumba Kilifi mjini muhula unapofunguliwa hahitaji kuelezwa kwamba biashara ipo. Tangu chuo kikuu cha umma cha mji huo kipate hati yake mwaka 2013, nyumba za familia zimekuwa zikikatwakatwa: sebule inapigwa ukuta katikati, stoo inatobolewa dirisha, na choo cha watu sita kinatumiwa na kumi na wawili. Malindi wateja ni wengine. Huko wanaopanga ni wafanyakazi wa hoteli, walimu na vijana wa bodaboda, na hata baadhi ya nyumba za kifahari zilizojengewa wageni wa Kiitaliano sasa zinatafutiwa mpangaji wa mwezi.

Kupangisha kwa chumba si jambo geni Pwani. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku imekuwa ikiingiza kodi hivyo kwa vizazi. Kilichobadilika ni mtaji unaomwagwa humo, na mara nyingi haupatikani benki. Nyingi ya nyumba hizo zimejengwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine, na nyumba bila ardhi haikubaliki kirahisi kuwa dhamana. Pesa hutoka kwa chama, kwa ndugu, au kwa kiinua mgongo.

Kwenye makaratasi, serikali imelegeza kamba. Tangu Januari 2024 ushuru wa kodi za nyumba za makazi ni asilimia 7.5, kutoka 10, kwa anayekusanya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Maafisa hulitaja punguzo hilo kama nafuu kubwa. Wasilolisema kwa sauti ni kwamba ushuru huo hukatwa kwenye kodi yote iliyokusanywa, bila kuondoa hata senti ya matengenezo. Chukua nyumba ya vyumba vinane vya Sh3,500 vilivyojaa mwaka mzima: mapato ni Sh336,000 na ushuru ni Sh25,200, hata kama mwenyewe amebadilisha paa mwaka huo huo.

Mwenye nyumba mmoja wa Kilifi, ambaye hakutaka kutajwa, analalamikia mita kuliko ushuru. Nyumba yake ina mita moja ya tokeni. Tangu Aprili 2023 bei ya umeme wa nyumbani hupanda kwa ngazi: hadi uniti 30 kwa mwezi, hadi 100, kisha zaidi ya hapo. Mpangaji mwenye balbu na simu, akiwa na mita yake, angebaki ngazi ya chini. Wanane wakichangia mita moja, nyumba nzima hulipishwa kama tajiri. Anasema ameomba mita zaidi na kuambiwa asubiri. Kila tokeni zikiisha, unaanza msako wa nani anachemsha maji kwa koili, na anayeitwa kuamua ni yeye.

Maji nayo yana hesabu yake. Kilifi na Malindi hutegemea visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki. Pampu zikisimama, mifereji hukauka na mwenye nyumba hununua boza. Visima vya karibu na bahari vingi ni vya chumvi. Juu ya hayo yote, likizo ndefu huacha vyumba vya wanafunzi vitupu.

Sheria inataka kibali kabla ya kubadilisha matumizi ya jengo, lakini kuta nyingi za ndani hupigwa bila mtu kuuliza. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, inayolinda wapangaji wa hadi Sh2,500 kwa mwezi, inazidi kupitwa na bei za mjini.

Wahitaji hawaelekei kupungua. Mwenye tangi kubwa na mita za kutosha huenda akavuna. Aliyepiga hesabu ya miezi 12 iliyojaa, kwa pesa za kukopa, ana sababu ya kuirudia.