Ngome ya Karema na Bustani ya Tervuren: Ufafanuzi wa Uhusiano wa Maeneo Mawili ya Urithi

Makala haya yanaeleza uhusiano wa maeneo mawili ambayo ni nadra kutajwa pamoja: bustani ya kifalme ya Tervuren, nje kidogo ya jiji la Brussels nchini Ubelgiji, na ngome ya Karema katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ambayo leo imo mkoani Katavi. Hoja yake ni kwamba mgeni anayetembelea bustani ile huona matokeo ya kazi iliyopitia Karema bila kuifahamu Karema yenyewe.

Bustani ya Tervuren ilisanifiwa na Mfaransa Élie Lainé kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897. Ingawa ni ya mwishoni mwa karne ya 19, inafuata kanuni za bustani za baroki za enzi ya Louis XIV: njia zilizonyooka, miti iliyopandwa kwa mistari, na maji yaliyotulizwa katika mabwawa ili yaakisi jengo lililo mbele yake. Katika bustani za namna hiyo kila kitu hupangwa kulingana na jicho la mtawala. Jengo linaloitazama bustani hiyo hufanana na kasri, lakini ni makumbusho ya Afrika ya Kati, kazi ya msanifu Charles Girault, yaliyofunguliwa mwaka 1910. Kwa maonyesho ya 1897 waliletwa Wakongo 267 ili watazamwe na umma. Saba kati yao walifia huko, na makaburi yao yapo kando ya kanisa la Tervuren. Ni umbali mfupi kutoka kwenye mabwawa hayo, na mgeni hana budi kufika pale pia.

Mfalme aliyeamuru hayo, Leopold II, alikuwa ametangulia kuweka jina lake Karema. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, akitumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika kilichoasisiwa Brussels mwaka 1876, alianzisha kituo hapo, nacho kikaitwa Ngome ya Leopold. Mwaka huohuo mfalme aligharimia safari ya tembo wanne wa India kutoka pwani, kwa nia ya kupima kama wanyama hao wangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Ni mmoja tu aliyefika Karema, akafa muda mfupi baadaye. Kiongozi wa safari hiyo, Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 akiwa njiani kurejea. Masimulizi ya tembo huwavutia wageni, na hakuna ubaya katika hilo, ila yasiachwe yafunike jambo zito zaidi.

Jambo hilo ni la Luteni Émile Storms, aliyeshika uongozi wa Karema mwaka 1882. Mwaka uliofuata alivuka ziwa akaanzisha kituo cha Mpala katika ufuko wa magharibi. Desemba 1884 watu wake walimshambulia na kumuua Lusinga, mtawala wa Watabwa. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji, ambako liliingizwa katika hifadhi ya taasisi ya sayansi asilia ya Brussels. Sanamu ya mti iliyotekwa kwa Lusinga ilibaki nyumbani kwa Storms kama pambo, na baada ya kifo chake ikaingia katika makumbusho ya Tervuren. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa katika uwanja mmoja wa Brussels. Kwa hiyo kivutio cha utamaduni ambacho mgeni hukiona akitoka bustanini ni ngawira ya vita iliyopangwa na ofisa aliyeanzia kazi yake Karema.

Karema nayo haiwezi kusomwa kama kasri lenye bustani. Ngome ilijengwa karibu na maji. Hata hivyo, katika miaka ileile ziwa lilikuwa limefungua njia yake ya Mto Lukuga, na kati ya 1878 na 1894 kina chake kilishuka kwa takribani mita 10. Ufuko ukasogea mbali. Msanifu wa Tervuren aliweza kuyaamuru maji yasimame mbele ya jengo. Waliojenga Karema hawakuwa na uwezo huo. Anayesimama penye ngome na kulitazama ziwa lililo mbali hana budi kuelezwa mabadiliko hayo, la sivyo atadhani wajenzi walikosea mahali.

Baada ya Mkutano wa Berlin, kituo kilikabidhiwa mwaka 1885 kwa Wamisionari wa Afrika, na ngome ikageuka misheni. Hapo ndipo alipofika mwaka 1889 Adrien Atiman, aliyezaliwa karibu na Mto Niger, akauzwa utumwani utotoni, akakombolewa na kusomea uganga Malta. Alitibu watu Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa maoni ya mwandishi, ziara ya Karema ianzie kwake, kwa sababu aliishi hapo zaidi ya miaka 60, ilhali Wabelgiji waliojenga kuta hawakutimiza hata 7. Jina la Lusinga litajwe katika ziara hiyohiyo, na wageni waambiwe sanamu yake iko wapi.