Bunduki chini ya kitanda inalinda nani?



Katika barza zetu huko Djugu, swali moja linarudi mara nyingi: «Usiku hatuna ulinzi. Kwa nini baba wa familia asinunue bunduki moja ya kulinda watoto wake?» Anayeuliza hivyo si mtu mbaya. Mara nyingi ni mtu aliyezika ndugu zake. Tunakumbuka usiku wa tarehe 1 Februari 2022 katika kambi ya Plaine Savo, ambako watu kama 60 waliuawa, watoto wakiwemo. Basi tulijibu swali hili kwa heshima.

Risasi haisimami kwenye turubai

Silaha inayopatikana zaidi kwetu ni kalashnikov. Risasi yake inatoka kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde. Inapita turubai, bati na ukuta wa udongo. Magazini ya risasi 30 inaweza kwisha kwa sekunde tatu hivi. Kambini nyumba zimebanana. Anayepiga gizani kwa woga anaweza kumkosa adui na kumpata mtoto wa jirani aliyelala.

Silaha inadai mafunzo

Askari anafundishwa kwa miezi, na bado ajali hutokea. Ajali moja inajulikana sana: mtu anaondoa magazini akidhani bunduki ni tupu, kumbe risasi moja imebaki ndani, nyuma ya mtutu. Mtoto anaichezea, inalia. Tena, ndani ya nyumba kuna pombe, hasira na ugomvi. Mwaka fulani nilisuluhisha wanaume wawili waliopigana kwenye bomba la maji kwa sababu ya bidoni. Mmoja alivunjika jino. Kama bunduki ingekuwa karibu, tungezika mtu.

Bunduki inaita bunduki

Habari ya silaha haifichiki kambini. Wenye kuitafuta watakuja usiku, na watakuja wengi. Bunduki moja haiwezi kuwazuia, lakini inawapa sababu ya kusema: «Hapa ni kambi ya wapiganaji.» Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 unataka mahali pa wakimbizi wa ndani pabaki pa raia. Hatusemi kwamba asiye na silaha hashambuliwi. Plaine Savo inatuonyesha vingine. Tunasema kwamba silaha inaongeza hatari juu ya ile iliyopo. Pia, katika nchi yetu, raia anayekamatwa na silaha ya vita anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Tufanye nini basi?

– Tuchague walinzi wa zamu wasio na silaha, wenye filimbi na tochi. Kila nyumba ijue alama ya hatari na njia mbili za kutoroka.
– Wakubwa wa bloku waandike namba za simu za chifu, polisi, jeshi na MONUSCO, na wazijaribu kabla ya siku ya hatari. Simu moja ibaki na moto kila usiku.
– Wamama waende kuni na shamba kwa kikundi, na wanaporudi waeleze walichokiona njiani.
– Viongozi waendelee kuongea na jamii jirani. Mara nyingi habari ya shambulio inaanzia sokoni.

Na kama bunduki iko tayari nyumbani?

Usiiuze, usiitupe mtoni, wala usiibebe mwenyewe barabarani kwenda kuitoa. Unaweza kudhaniwa mshambuliaji. Ongea kwanza na kiongozi unayemwamini, awasiliane na wahusika wa P-DDRCS, programu ya serikali iliyoanzishwa mwaka 2021. Wakubaliane siku, mahali, na nani atashuhudia. Mpaka siku hiyo, watoto wasiikaribie kabisa.

Wengine walishapita njia hii. Huko Msumbiji, tangu mwaka 1995, Baraza la Makanisa lilipokea silaha na kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani.

Wazee wa kambi, mulete swali hili kwenye barza ijayo. Musiwahukumu wanaouliza. Mwenye woga akisikilizwa mchana, hatatafuta muuza silaha usiku.