Simu tuliyoikataza ikageuka darasa

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza shule zifungwe kwa siku 30. Siku hizo zikazaa miezi. Kidato cha sita walirudi Juni mosi, wadogo zao Juni 29.

Binti yangu alikuwa kidato cha pili. Shule yake ikaunda kundi la WhatsApp, kazi zikawa zinatumwa asubuhi. Sisi tunakaa Mbagala, na simu janja nyumbani ilikuwa moja, yangu. Alfajiri inaondoka na mimi kwenda kazini Kariakoo, saa mbili usiku inarudi, chaji imeisha na bando linakaribia kwisha. Ndipo naye afungue maswali ambayo wenzake wameshayajibu tangu mchana.

Wiki ya kwanza alisoma. Ya pili kichwa kikaanza kumuuma kila jioni. Ya tatu nikamkuta anamsuka mtoto wa jirani, daftari hata halijafunguliwa. Nikamwita mvivu. Niseme ukweli, nilimwita na majina mengine.

Jibu nilikuja kulipata miaka baadaye, tukiwa jikoni tunamenya vitunguu. "Mama, mwalimu alikuwa anaandika kundini majina ya ambao hawajajibu. Langu lilikuwa halikosekani." Kumbe kusoma hakukumshinda. Alikuwa anaona aibu.

Watafiti wanaochunguza kwa nini mtu hukubali au hukataa teknolojia huangalia mambo manne: kama anaamini itamsaidia, kama ni rahisi kuitumia, watu wake wa karibu wanaionaje, na kama anavyo vifaa. Hilo la vifaa kila mzazi wa Temeke au Tandale analijua bila kuambiwa. La watu wa karibu ndilo lililonikaa rohoni, maana watu hao ni sisi. Miaka yote tumewaambia watoto simu itawaharibu, na akikutwa nayo shuleni ni kesi. Halafu ghafla tunawaambia simu ndiyo shule, na akiishika zaidi ya nusu saa tunauliza, "Unachati na nani?"

Jirani yangu hakuwa na simu janja kabisa. Kijana wake alifuata vipindi vya masomo redioni, na hakuacha. Redio haimalizi bando wala haitaji jina la mtu. Lakini nadhani kilichomshikilia zaidi ni kaka yake, aliyekuwa anamuuliza kila jioni: leo wamesema nini?

Sasa mdogo wake binti yangu yuko sekondari, na likizo hii ametumiwa kazi kwa simu. Nimemwomba mwalimu wake asitaje majina kundini, akakubali. Jumatano na Jumamosi simu janja inabaki nyumbani. Kazini wananipata kwenye kitochi.