Mwaka wa Kumi Tukisubiri Ua

Umewahi kupewa zawadi ukajiuliza kama umependwa au umepewa kazi? Mimi yalinikuta mwaka 2015. Mchumba wangu alirudi kutoka Nairobi na kimche cha majani manne, kimefungwa pamoja na vibali vyake vya mpakani. "Hii ni okidi," akasema. "Itachanua tukishaoana." Tulioana 2016. Ua hatukuliona.

Jina lake ni Angraecum Veitchii, na ni chotara. Mzazi mmoja ni Angraecum sesquipedale wa Madagaska, ambaye ua lake jeupe lina mrija wa karibu sentimita 30. Charles Darwin alipouona mrija huo, aliandika mwaka 1862 kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Nondo huyo alikuja kuelezwa na wataalamu 1903, Darwin keshafariki. Mzazi wa pili ni Angraecum eburneum, mwenye ndugu anayeota pwani ya Kenya na Tanzania, anayeitwa giryamae kutokana na Wagiriama. Chotara wao alitoka bustani ya Veitch, Uingereza, mwaka 1899.

Kwetu Igogo, juu kwenye mawe, joto lipo na upepo wa ziwa upo. Mazingira poa kabisa. Tatizo lilikuwa sisi.

Tuliubembeleza mno

Mimi nilimwagilia asubuhi, mwenzangu jioni, kila mmoja akidhani mwenzake kasahau. Mizizi ikaanza kuoza. Mwaka 2018, akitaka kunifurahisha, akauhamishia kwenye chungu kikubwa cha udongo mweusi. Kumbe mizizi ya okidi hii inataka hewa, na haipendi kuguswaguswa. Mche ukanuna. Miaka miwili, hakuna jani jipya!

"Umeua zawadi yako mwenyewe," nilimwambia siku moja. Wote tulijua hatugombanii maua. Ilikuwa 2019, kahamishiwa Dodoma kikazi, na mimi kazi yangu iko Mwanza. Alikuwa akinipigia simu mara kumi kwa siku: uko wapi, uko na nani. Kuna usiku nilitaka kuutupa ule mche bondeni, na ndoa niifuatishe.

Sikuutupa. Niliutoa kwenye udongo, nikauweka kwenye chungu cha matundu chenye magome ya mti na vipande vya mkaa, kisha nikauacha. Na yeye nikamwambia: simu moja, saa tatu usiku, lakini tuongee kweli. Alinuna wiki nzima. Halafu akazoea.

Mwishoni mwa 2020 mzizi mpya ukatokeza, ncha yake kijani.

Ukitaka kujaribu

Mwagilia, kisha subiri magome yakaribie kukauka ndipo urudie. Mpe mwanga mwingi, ila si jua kali la mchana. Mbolea iwe kidogo sana. Usihamishe chungu bila sababu. Na usichume okidi porini. Nunua kwa mkulima, na kama unavuka mpaka, hakikisha una kibali, kwani okidi zinalindwa na mkataba wa CITES.

Ijumaa

Miezi michache iliyopita niliona kitu kimechomoza kati ya majani. Nikajua ni mzizi. Nilipomwonyesha baba watoto kwenye simu akasema, "Mbona umebapa?" Tukanyamaza wote wawili. Ulikuwa mkono wa maua.

Sasa una matumba manne, yamevimba. Sijauzungusha hata kidogo, maana maua hujipanga kufuata mwanga, na ukiugeuza chungu yanakaa upande. Kila saa tatu usiku ananiuliza, "Vipi?" Namjibu, "Bado."

Jana aliomba nimtumie picha likifunguka. Nimekataa. Ua hili hunukia usiku, na harufu haipigwi picha. Kakata tiketi ya basi, anafika Ijumaa. Likichanua kabla, litamsubiri. Lisipochanua, tutakaa barazani tulisubiri pamoja.