Kipimo cha Akili Kisiwe Kipimo cha Darasa

Tumfikirie mama mzee wa Alunguli, ng'ambo ya mashariki ya mto Lualaba, katika mji wa Kindu. Shule hakusoma hata mwaka mmoja. Lakini miaka mingi amevuka kwa mtumbwi kwenda kuuza mawese upande wa Kasuku, naye ajua nani amelipa na nani anadaiwa, bila daftari. Siku hizi wanawe wamwona anasahausahau, wakampeleka hospitalini. Anaambiwa atoe 7 katika 100, kisha 7 tena, na tena. Halafu apewa kalamu aandike sentensi moja, na kuchora maumbo mawili ya pembe tano yaliyoingiliana. Mama aitazama kalamu, anyamaza. Je, kilichoshindwa ni ubongo wake, au ni mkono usiozoea kalamu?

Maswali hayo yamo katika kipimo kilichotungwa Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh. Alama zake kamili ni 30, nacho kimeenea duniani kwa sababu hakichukui muda mrefu. Lakini ndani yake mna kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata majira ya mwaka huulizwa: kwao ni manne, kwetu twajua mvua na kiangazi. Hivyo asiyesoma hupoteza alama nyingi hata akiwa mzima kabisa.

Hasara ni ya namna mbili. Mzee mwenye akili timamu huandikwa mgonjwa, na jamaa huanza kumnyang'anya kazi na heshima yake. Naye aliyesoma sana aweza kujibu vema ingawa ugonjwa umekwisha kuanza, akarudishwa nyumbani bila msaada.

Wako waliotafuta njia bora. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, Tanzania, walipimwa miaka ya 2009 na 2010 wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi; wapatao 6 katika kila 100 walionekana kuwa na ugonjwa wa usahaulifu. Baadaye kikatungwa huko kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichodai kusoma wala kuandika. Mzee hutaja wanyama kadiri awezavyo. Hukumbuka orodha ya maneno kumi. Hueleza daraja ni kitu gani. Na badala ya kalamu hupewa njiti za kibiriti, azipange kama alivyoonyeshwa. Katika nchi yetu ya Kongo nako, mtaalamu Jean Ikanga wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, pamoja na wenzake, wamejaribu kwa wazee wa Kinshasa vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya Waafrika.

Hata hivyo, Hai si Maniema, wala Kinshasa si Kindu. Swali likiletwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili cha vitabu, mzee wa Alunguli aweza kukosa kwa kutoelewa, si kwa kusahau. Na avukaye mto kwa mtumbwi, je, ataelezaje daraja? Labda vizuri sana. Lakini sharti kwanza waulizwe wazee wazima wa mahali pale pale, ndipo ijulikane mtu mzima hujibuje. Hilo ndilo shina la haki: mtu alinganishwe na wenzake waliolelewa kama yeye.

Basi, wasomaji wapenzi, nasi tunayo kazi. Mkimpeleka mzee hospitalini, aende pamoja naye mtu akaaye naye kila siku. Mwelezeni daktari kama alisoma au la, lugha aliyolelewa nayo, na hali ya macho na masikio yake. Zaidi ya yote, mwelezeni ni kazi gani aliyoiweza zamani na leo haiwezi: kupika, kuhesabu fedha, kuijua njia ya kurudi nyumbani. Msikimbilie kusema ni uchawi, wala kusema ni uzee tu. Na watafiti wakija kwa adabu, wakaeleza kazi yao na kuomba ruhusa, wazee walio wazima nao wakubali kuulizwa; pasipo hao, mizani yetu itazidi kutengenezwa kwa kutazama watu wa mbali.

Nanyi wanafunzi, mnaojua kalamu, msimdharau asiyeijua. Darasa huinoa akili, lakini si darasa lililoiumba.