Jicho Hufumba Kabla Hujajua

Maabarani, mtu anabandikwa vihisio viwili vidogo chini ya jicho, penye msuli unaofumba kope. Mkononi amefungwa waya wa shoti. Ghafla kelele kali inapasuka masikioni, fupi kuliko sehemu ya kumi ya sekunde, na kope zinafumba kabla hajawahi kuzizuia. Mwenye hofu hushtuka zaidi ya aliyetulia, hata akikana kwa mdomo, ndiyo maana watafiti huupima msuli huo.

Kipimo hiki kilianzia kwa panya. Mwaka 1951 Judson Brown na wenzake wa Iowa, Marekani, waliwazoesha panya kupigwa shoti kila ishara fulani ilipotokea. Baadaye ishara hiyo ikiwepo, mlio wa ghafla uliwarusha zaidi. Mwaka 1979 Michael Davis wa Chuo Kikuu cha Yale akaonyesha kuwa diazepamu, ambayo wengi wanaijua kama Valium, huipunguza nyongeza hiyo ya mshtuko. Dawa hiyo huipa nguvu GABA, kemikali inayozipoza seli za ubongo.

Kwa binadamu mambo hayakunyooka hivyo. Mwaka 2006 kundi la Christian Grillon lilitoa alprazolamu, dawa ya ukoo mmoja na diazepamu. Wahusika walipojua kwamba shoti ingekuja ishara ikionekana tu, dawa haikuupunguza mshtuko walioupata mbele ya ishara. Shoti ilipoweza kuja wakati wowote, ikaupunguza. Anayemwona mbwa mkali mbele yake hayuko sawa na anayepita uchochoroni akijua mbwa yuko mahali fulani. Yaelekea kidonge humsaidia huyu wa pili.

La kushangaza zaidi lilitoka Amsterdam mwaka 2009. Merel Kindt na wenzake waliwafundisha watu kuiogopa picha ya buibui kwa shoti. Kesho yake wakawapa miligramu 40 za propranolol, dawa ya moyo na presha inayozuia kazi ya adrenalini, kisha wakawakumbusha picha ile. Siku ya tatu nyongeza ya mshtuko ilikuwa imetoweka. Walipoulizwa, bado walisema wanaitarajia shoti: kichwa kinakumbuka, kope hazijali.

Matumaini kwa wenye hofu iliyoachwa na vita au ajali yalipanda haraka, pengine haraka mno. Maabara nyingine zilirudia jaribio zikakosa matokeo hayo, na mwaka 2014 kundi la Kindt lenyewe likatangaza kwamba nalo liliyakosa.